Michoro ya Ukutani ya Waaborijini, kuanzia Shepparton: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ndugu akija kututembelea Australia, kwa kawaida tunampeleka ufukweni, kisha akaone kangaruu, kisha madukani. Siku hizi wengi wanauliza pia habari za zile kuta zenye nyuso kubwa za wazee wa Kiaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, wanazoziona mtandaoni. Haya hapa maswali yanayojirudia, pamoja na majibu yake. Mengi yanahusu mji wa Shepparton katika jimbo la Victoria, na sababu imo kwenye jibu la kwanza.

Kwa nini tuanzie Shepparton, badala ya Melbourne au Sydney?

Kwa sababu waliochorwa ni watu wa hapohapo. Shepparton ni mji wa matunda na maziwa, kilomita zipatazo 180 kaskazini ya Melbourne, kando ya mto Goulburn ambao Wayorta Yorta, Waaborijini wenyeji wa eneo hili, wanauita Kaiela. Wageni wengi huupita wakielekea kwingine. Lakini ukisimama mbele ya ukuta mmojawapo, inawezekana kabisa kwamba anayepita nyuma yako na mkate wake mkononi ni kitukuu wa huyo unayemtazama.

Melbourne kuna kichochoro maarufu cha Hosier Lane, kimejaa rangi toka chini hadi juu, na humo msanii Matt Adnate aliwahi kuchora uso wa mtoto wa Kiaborijini unaopanda kimo cha ghorofa kadhaa. Ni kazi nzuri. Ila mpita njia hamjui mtoto yule ni wa nani, na kuta za kichochoro hicho hupakwa rangi mpya kila kukicha. Shepparton nyuso zina majina na koo, na ukiuliza utasimuliwa.

Wale wanaume wawili wa mchoro wa Adnate hapa Shepparton ni nani?

Ni William Cooper na Sir Doug Nicholls, wote Wayorta Yorta, mmoja wa kizazi cha mababu wa mwenzake. Ukiwa na muda wa kumsoma mtu mmoja tu kabla ya safari, msome Cooper.

Alizaliwa karibu na mwaka 1860 na maisha yake mengi aliyatumia kwenye kazi za shamba na kukata manyoya ya kondoo. Alipofika uzeeni, sheria ilimnyima pensheni kwa kuwa aliishi kwenye hifadhi iliyotengwa kwa ajili ya Waaborijini. Basi akafunga virago, akiwa na miaka zaidi ya 70, akahamia Footscray, mtaa wa wafanyakazi magharibi mwa Melbourne, ili alipwe. Hapo ndipo alipoanza kazi anayokumbukwa nayo. Akiwa katibu wa Australian Aborigines' League alikusanya sahihi 1,814 kwa ajili ya ombi la kumfikia Mfalme wa Uingereza, akidai pamoja na mengine kwamba watu wake wawe na mwakilishi bungeni. Serikali ya Australia ikakataa kulipeleka.

Tarehe 26 Januari 1938, wakati nchi ikisherehekea miaka 150 tangu meli za Waingereza kutia nanga, Cooper alikuwa miongoni mwa walioandaa Siku ya Maombolezo mjini Sydney. Na Desemba 6 mwaka huohuo, baada ya habari za Wayahudi kushambuliwa Ujerumani usiku wa Kristallnacht, aliongoza ujumbe wa Waaborijini hadi ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne wakiwa na barua ya kupinga. Hawakupokewa. Hebu fikiria: mzee asiyekuwa na haki kamili katika nchi yake mwenyewe anatembea mjini kuwatetea watu wa bara jingine. Alifariki mwaka 1941.

Doug Nicholls alizaliwa Cummeragunja, hifadhi ya Waaborijini, mwaka 1906. Alikuwa mfupi, sentimita 157 hivi, lakini mwenye mbio za ajabu. Klabu ya Carlton, ya mpira wa Kiaustralia, haikumtaka. Wachezaji wenzake walilalamika kwamba ananuka, wakimaanisha rangi yake. Akaenda Northcote, kisha Fitzroy mwaka 1932, na mwaka 1935 akaichezea timu ya jimbo la Victoria. Baadaye akawa mchungaji mjini Melbourne na mpigania haki aliyejulikana nchi nzima. Mwaka 1972 alipewa cheo cha Sir, Mwaborijini wa kwanza kukipata, na Desemba 1976 akaapishwa kuwa Gavana wa Australia Kusini, ingawa maradhi yalimfanya ajiuzulu mwaka uliofuata. Raundi ya AFL, ligi kuu ya mchezo huo, inayowaenzi wachezaji wa asili ya Australia inaitwa kwa jina lake. Wote wawili, yeye na Cooper, wamezikwa Cummeragunja.

Na wanawake je? Au ni wanaume tu?

Wapo. Utawakuta Margaret Tucker na mdogo wake Geraldine Briggs. Margaret alichukuliwa shuleni na maofisa wa serikali mwaka 1917, akiwa binti wa miaka kumi na mitatu hivi, akapelekwa Cootamundra kwenye nyumba ya kuwafundisha wasichana wa Kiaborijini kazi za utumishi wa ndani. Kutoka hapo akawa mtumishi kwenye nyumba za Wazungu mjini Sydney. Watoto walionyakuliwa namna hiyo ndio leo wanaitwa Kizazi Kilichoibwa. Alipokuwa mtu mzima alijiunga na Cooper na wenzake katika harakati, akaendelea nazo miaka mingi, na Geraldine vilevile. Kwa maoni yangu ukuta wao unastahili muda mrefu kuliko ule wa wanaume, kwa sababu habari za akina mama hawa ni wachache wanaozijua hata miongoni mwa Waaustralia.

Cummeragunja ni wapi, na mbona kila simulizi inarudi huko?

Ni ng'ambo ya mto Murray, au Dungala kwa Kiyorta Yorta, upande wa New South Wales. Ilikuwa hifadhi iliyosimamiwa na serikali. Mwanzoni watu walilima na kuvuna wenyewe, kisha mashamba yakachukuliwa, chakula kikapungua, magonjwa yakazidi, na meneja akawa ndiye mwenye kauli juu ya nani aingie na nani atoke. Tarehe 4 Februari 1939 watu zaidi ya 150 walibeba walichoweza, wakavuka mto na kuingia Victoria. Ulikuwa mgomo, miongoni mwa migomo ya mwanzo kabisa ya umma wa Waaborijini dhidi ya watawala wao. Wengi hawakurudi tena.

Baadhi yao waliishia kwenye eneo linaloitwa the Flats, bonde linalofurika maji kati ya Shepparton na Mooroopna. Walijenga vibanda kwa mabati, magunia na chochote kilichopatikana jalalani, wakafanya kazi za kuchuma matunda na kazi za kiwanda cha kusindika. Malkia Elizabeth alipopita mwaka 1954, pazia la magunia lilitandazwa kando ya barabara ili asivione vibanda vile. Simulizi hii utaisikia kutoka kwa wazee wa huku, na ukiijua, utaelewa kwa nini jamii hii ilitaka nyuso zake zichorwe kubwa, katikati ya mji, mahali ambapo hakuna pazia litakalotosha.

Jambo jingine litakalowapendeza wasomaji wa pwani: mwalimu wa Cummeragunja, Thomas Shadrach James, alikuwa mtu wa Bahari ya Hindi, mzaliwa wa Morisi mwenye asili ya Kihindi. Alimwoa Ada, dada yake William Cooper. Cooper alijifunza kusoma na kuandika kwake, na viongozi kadhaa wa harakati za miaka ya 1930 walipitia mikononi mwa mwalimu huyo.

Je, tunaweza kwenda Cummeragunja yenyewe?

Watu wanaishi pale. Si makumbusho. Kama hujaalikwa, ishia Barmah, upande wa Victoria, ambako kuna hifadhi ya taifa yenye sehemu ya msitu mkubwa kuliko yote duniani wa mikalitusi mekundu ya mtoni.

Wachoraji wenyewe ni Waaborijini?

Si wote. Adnate si Mwaborijini, ingawa amejijengea jina kwa kuchora nyuso zao sehemu nyingi za Australia. Wengine wanaona hilo halina tatizo, alimradi familia zimeridhia na jamii imehusishwa tangu mwanzo. Wengine wanauliza kwa nini kazi kubwa na malipo makubwa yasiende kwa wasanii wenye asili hiyo. Mimi nayaona maswali yote mawili ni halali. Kinachonisaidia ni kuuliza nani aliyechagua sura ile iwekwe ukutani. Mahali ambapo wenyeji walichagua wenyewe, mchoraji ni fundi aliyeajiriwa kazi. Mahali ambapo hawakuulizwa, hata mchoro uwe mzuri namna gani, ni pambo la mtu mwingine.

Ukitaka kuona ukuta uliochorwa na Mwaborijini, nenda Redfern, Sydney. Mwaka 2013 Reko Rennie, msanii wa Kikamilaroi, alishirikiana na vijana wa pale kuichora nyumba nzima ya pembeni ya mtaa, na ukutani wakaandika salamu ya kuwakaribisha watu Redfern.

Michoro mikubwa hivi inachorwaje bila uso kupinda?

Wasanii wengi huanza kwa kuujaza ukuta michirizi na alama za ovyoovyo. Kisha wanaupiga picha, wanaipandanisha na picha ya mtu kwenye simu au kompyuta, na kila alama inakuwa kielekezi: jicho la kushoto liko chini ya duara lile, pembe ya mdomo ipo kwenye ule mkato. Wanapanda kwa mashine yenye kikapu na kupuliza rangi kwa kopo.

Ukiwa pale, jaribu hivi. Sogea hadi umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani. Uso utapotea kabisa. Utabaki na ukungu wa kahawia na kijivu uliopulizwa tabaka juu ya tabaka, matone yaliyochuruzika, na mistari ya matofali ikikata katikati ya shavu. Halafu vuka barabara (angalia magari, hapa wanaendesha kushoto kama Kenya na Tanzania) na ugeuke. Sasa mzee anakutazama.

Mbona kuna nukta chache? Nilidhani sanaa ya Waaborijini ni nukta.

Hilo ni kosa la watu wengi. Michoro ya nukta unayoijua inatoka jangwa la katikati ya nchi. Ilianza kuchorwa kwenye mbao na turubai huko Papunya mwaka 1971. Waaborijini wa kusini-mashariki, ambako Shepparton ipo, wana yao: mistari inayokwenda sambamba, maumbo ya almasi na mikato iliyochongwa kwenye ngao na marungu, au iliyokwanguliwa upande wa ndani wa majoho ya ngozi za posamu, mnyama mdogo wa mitini. Jumba la makumbusho la Melbourne linahifadhi joho la namna hiyo lililopatikana Echuca mwaka 1853, na wasanii wa Kiyorta Yorta kama Lee Darroch na Treahna Hamm walikuwa kati ya waliofufua ushonaji wake. Ukishaiona mistari ile mara moja, utaanza kuitambua kwenye kuta, vyungu na hata jezi za mpira.

Usijaribu kumtafsiria mwenzako maana ya kila alama. Maana nyingine ni za ukoo fulani na hazitolewi kwa kila mgeni. Ukiwa na hamu, uliza. Ukiambiwa kwa ufupi, tosheka.

Naruhusiwa kupiga picha?

Picha yako na familia mbele ya ukuta, ndiyo, bila wasiwasi. Mambo hubadilika ukitaka kuuza. Sheria ya hakimiliki ya Australia ya mwaka 1968 inaruhusu kupiga picha sanamu zilizowekwa moja kwa moja mahali pa wazi na kuzitumia, lakini ruhusa hiyo haikuitaja michoro ya ukutani. Kwa hiyo kuchapa ukuta wa Shepparton kwenye fulana, kanga, jalada la albamu au tangazo la duka lako bila idhini ya msanii ni kuvunja sheria, na kwa sura za watu hawa, utakuwa umeikosea familia pia. Ukiiweka mtandaoni, andika jina la msanii na la aliyechorwa. Wapo wanaoandika „mural nzuri“ halafu basi, kumwita Margaret Tucker „mural nzuri“ ni utovu wa adabu.

Nimesikia kwamba kuonyesha picha za marehemu ni mwiko kwao. Sasa hizi je?

Katika jamii nyingi za Waaborijini kulitaja jina la marehemu au kuonyesha picha yake huepukwa, hasa kipindi cha msiba. Ndiyo maana vipindi vya televisheni vya Australia huanza na onyo. Lakini desturi inatofautiana kati ya jamii na jamii, na familia ndiyo yenye neno la mwisho. Michoro ya Shepparton ni ya watu ambao jamaa zao wanataka wakumbukwe hadharani. Usichukue ruhusa ya hapa ukaipeleka Arnhem Land, kaskazini ya nchi.

Niwaiteje?

Kwa Kiswahili tunasema Waaborijini na hilo linaeleweka. Ukizungumza nao kwa Kiingereza, neno „Aborigine“ limeshakuwa la kizamani na wengi haliwapendezi, bora useme „Aboriginal people“, na bora zaidi useme taifa lao, yaani Yorta Yorta au Bangerang. Wazee huitwa Uncle na Aunty hata na wasio jamaa zao, kwa hiyo utasikia Uncle William na Aunty Margaret. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Ila usimwite mtu hivyo kwa kumwangalia mvi tu. Sikiliza wenyeji wanavyomwita kwanza.

Ni kweli mahakama ilisema Wayorta Yorta hawana ardhi?

Waliomba kutambuliwa haki zao za asili juu ya ardhi na maji kandokando ya Murray. Jaji wa kwanza aliwakatalia mwaka 1998, akiona kwamba mapito ya historia yamekwisha kuzifuta mila zilizokuwa msingi wa haki hiyo, na Mahakama Kuu ya Australia ikaitupa rufaa yao Desemba 2002. Mwaka 2004 serikali ya Victoria ilifanya nao makubaliano ya kushirikiana kusimamia baadhi ya maeneo, na baadaye Barmah ikaingizwa kwenye usimamizi wa pamoja. Yaani mahakamani wameambiwa mila zao zimefutika, na mjini kuna kuta zinazosema sivyo.

Wakazi wote wa Shepparton wanaifurahia michoro hii?

Sitakuficha. Jimbo la uchaguzi la bunge la shirikisho ambalo Shepparton imo linaitwa Nicholls, kwa heshima ya Sir Doug na mkewe, Lady Gladys. Oktoba 14, 2023, nchi nzima ilipopiga kura kuhusu kuunda chombo cha kuwapa wenyeji wa asili sauti mbele ya Bunge, jimbo lenye jina lao lilipiga kura ya hapana kwa wingi mkubwa, kama sehemu nyingi za mashambani. Basi ukikaa mgahawani ukasikia maneno mawili yasiyopendeza kuhusu kuta hizi, usishtuke. Na ukikutana na Mwaborijini usianze mazungumzo kwa kumuuliza alijisikiaje siku ile.

Tunafikaje, na twende lini?

Kwa treni za V/Line kutoka kituo cha Southern Cross mjini Melbourne, safari ni ya saa mbili na nusu au zaidi kidogo. Tangu Machi 2023 nauli ya siku kwenda mikoani imewekewa kikomo sawa na ya Melbourne mjini, kwa hiyo haiumizi mfuko. Angalia ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka. Treni si nyingi. Kwa gari ni barabara kuu ya Hume, kisha unachepuka.

Epuka Januari na Februari kama unaweza, jua la huku hufikisha nyuzi 40. Machi hadi Mei ni kuzuri, na Septemba hadi Novemba pia, ingawa mvua za masika ya huku zikizidi mto hufurika: Oktoba 2022 maji yaliingia kwenye nyumba nyingi za Shepparton na Mooroopna. Ukitaka shamrashamra, njoo wiki ya NAIDOC, ya kuwaenzi wenyeji wa asili wa Australia, mwanzoni mwa Julai, lakini vaa koti. Wiki hiyo nayo ina mkono wa Cooper: ndiye aliyeyaomba makanisa yatenge Jumapili moja kwa ajili ya Waaborijini, na siku hiyo baadaye ikahamishiwa Julai.

Nina siku moja tu. Nipange vipi?

Anzia SAM, jumba jipya la sanaa la Shepparton lililofunguliwa Novemba 2021 kando ya ziwa la Victoria Park. Kuingia ni bure. Humo kuna ofisi ya taarifa za wageni ambako utapata ramani ya michoro, na hapohapo chini kuna Kaiela Arts, kituo cha wasanii wa Kiaborijini wa eneo hili. Ukitoka, tembea kwa miguu katikati ya mji kufuata kuta, na upite Queens Gardens kuona sanamu ya William Cooper. Mchana, kama miguu inaruhusu, fuata njia ya kutembea kuelekea Mooroopna. Bonde la the Flats lipo hapo kati. Kuna pia Bangerang Cultural Centre, ila piga simu kwanza kujua kama kuko wazi.

Chakula si shida. Mji huu una Waalbania, Wairaki na Waafghani, na nyama halali inapatikana. Msikiti wa Waalbania ulikuwa wa kwanza kujengwa Victoria, kwa wale watakaokutwa na adhuhuri mjini.

Watoto watachoka?

Watachoka na maelezo, si na kuta. Wape kazi ya kutafuta ng'ombe waliopakwa rangi, sanamu zilizotawanywa kila mahali Shepparton. Hawana uhusiano na historia tuliyoizungumza, lakini wataokoa alasiri yako.

Kuna Waswahili Shepparton?

Wapo, na si haba. Mwaka 2005 serikali ilijaribu kuwapa makazi wakimbizi wa Kikongo moja kwa moja Shepparton, badala ya kuwaweka Melbourne kwanza. Familia 10 ndizo zilizotangulia, na nyingine zikafuata ndugu zao. Kiswahili cha Kivu na Katanga utakisikia madukani na makanisani. Wengi wao kazi yao ya kwanza ilikuwa kuchuma mapeasi na matofaa, kazi ileile waliyoifanya watu wa the Flats miaka 60 kabla yao, kwenye mashamba yaleyale. Ukimpata mama wa Kikongo aliyekaa huku miaka mingi, atakuonyesha kuta kwa namna ambayo ramani haiwezi.

Nikitaka kununua kazi ya sanaa, nitajuaje si ya bandia?

Uliza jina la msanii na taifa lake. Muuzaji asipojua, rudisha rafuni. Uchunguzi wa tume moja ya serikali mwaka 2022 ulikadiria kwamba kati ya theluthi mbili na robo tatu ya vitu vya ukumbusho vyenye sura ya Kiaborijini vilivyouzwa nchini havikuwa na mkono wa Mwaborijini. Bumerangi za dukani uwanja wa ndege ndizo hizo. Kaiela Arts unanunua kutoka kwa wenyewe.

Zaidi ya Shepparton, kuta gani nyingine zisinipite?

Sheep Hills, magharibi ya Victoria, ambako Adnate mwaka 2016 alichora wazee wawili na watoto wawili wa jamii za huko kwenye sailo za nafaka zilizojengwa mwaka 1938, na nyuma yao anga la usiku lenye nyota. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Melbourne na hakuna kitu njiani, lakini nenda. Warracknabeal, mji wa jirani, ndiko Doug Nicholls alikoshinda mbio za miguu zenye zawadi ya fedha mwaka 1929.

Ndani ya Melbourne, St Georges Road mtaani Thornbury kuna Koori Mural, kazi ya miaka ya 1980, ambapo Lin Onus na wasanii wengine walishirikiana na Megan Evans. Ndani yake wamo wanaume waliofungwa minyororo shingoni. Si ukuta wa kujipigia picha ukicheka.

Sydney, toka kituo cha treni cha Redfern, na daraja la Lawson Street liko hapo hapo, lenye maandishi yanayotaja miaka 40,000. Mchoro huo ulichorwa mwaka 1983, Carol Ruff akiongoza, Tracey Moffatt akiwa mmoja wa wasaidizi kabla hajawa msanii wa kimataifa. Watafiti siku hizi wanataja miaka ipatayo 65,000 kwa uchimbaji wa Madjedbebe kaskazini, lakini namba ya ukutani imeachwa ilivyo, kwa kuwa ni maneno ya wimbo.

Tulikwenda, tukakuta mchoro umepauka au umeandikwa ovyo. Tumwambie nani?

Halmashauri ya mji. Wana utaratibu wa kushughulikia, na mara nyingi picha moja ya simu yenye jina la mtaa inatosha. Usijaribu kusugua mwenyewe. Sabuni na brashi huondoa rangi ya chini pamoja na uchafu. Jua la Australia halina huruma na rangi: ukuta wa Redfern ulipauka hadi sehemu nyingine zikawa hazitambuliki, ukaja kufanyiwa ukarabati mwaka 2018. Na kama mchoro haupo kabisa, huenda jengo limeuzwa au limebomolewa. Ndiyo maana tunasisitiza ramani ichukuliwe SAM asubuhi hiyohiyo, si ile uliyoihifadhi kwenye simu tangu mwaka juzi.